Koni wa baharini: konokono mwindaji ambaye ganda lake lilifika mpaka Tanganyika

Kwa Watabwa wa upande wa Moba na Kalemie, wazee wanajua kitu kinachoitwa mpande. Ni kisahani cheupe cha mviringo, kimetobolewa tundu la kupitisha kamba, na juu yake kuna mstari unaozunguka kutoka katikati mpaka pembeni. Si kila mtu aliruhusiwa kukivaa. Kilikuwa cha mashefu wa kimila na watu wenye cheo, na kilirithiwa kutoka mkubwa hadi mkubwa.

Kisahani hicho hakikuchongwa katika pembe wala mfupa. Ni kipande cha nyumba ya mnyama wa Bahari ya Hindi, kama kilomita elfu moja kutoka ziwa Tanganyika. Kilibebwa kwa miguu, mkono kwa mkono, zamani sana kabla ya treni na motokari. Na mnyama mwenyewe, aliyeishi ndani yake, ni mwindaji: anapiga windo lake kwa jino lenye sumu, na aina moja ya jamaa yake imeua watu.

Wataalamu wanamwita Conus. Kwa kiswahili anaweza kuitwa koni, kwa sababu ganda lake linafanana na karatasi iliyoviringishwa ya kuuzia karanga sokoni: pana upande mmoja, ncha upande mwingine.

Si konokono wote wanakula majani

Konokono anayejulikana Kivu, Maniema ao Ituri ni yule wa shambani, anayetoka mvua ikinyesha na kumaliza lengalenga usiku. Kinywani mwake kuna utepe wenye meno madogo maelfu, na kazi yake ni kukwangua. Utepe huo unaitwa radula. Karibu konokono wote wako nao, wa inchi kavu na wa maji.

Baharini kuna jamaa ambao radula hiyo imegeuka kuwa silaha. Wa familia ya Muricidae wanatoboa chaza. Wanapakaa kwanza maji-maji yanayolainisha ganda, kiisha wanakwangua, tena wanapakaa, tena wanakwangua, kwa saa nyingi, wakati mwingine kwa siku kadhaa, mpaka tundu linafunguka na mkonga unapita kula nyama ndani. Ni kutoka familia hiyo watu wa zamani wa Tiro, Lebanoni ya leo, walipata rangi ya zambarau ya nguo za wafalme. Familia ya Naticidae inafanya kazi ileile chini ya mchanga, na tundu lao linatambulika upesi: pana juu, jembamba chini. Mtu anayeokota kombe pwani akakuta lina kitundu cha duara, safi sawa vile kimetobolewa na mashine, ameshika kombe la mnyama aliyeliwa na konokono.

Wako pia wakubwa wa familia ya Cassidae, wanaokula wanyama wa duara wenye miiba mirefu wa kwenye miamba. Yuko Charonia tritonis, mkubwa kupita mkono wa mtu, anayekula kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota. Anakula hata ile aina yenye miiba inayoharibu matumbawe.

Kongo nayo iko na historia yake na wawindaji hawa. Katika ufalme wa Kongo, upande wa Atlantiki, pesa iliitwa nzimbu: konokono mdogo Olivancillaria nana wa familia ya Olividae, aliyekusanywa na wanawake kwenye mchanga wa kisiwa cha Luanda, chini ya mamlaka ya mfalme. Huyo naye ni mla nyama anayejizika mchangani. Lakini simbi, zile kauri zinazoshonwa kwenye kofia na mikanda ya kimila, si za mwindaji. Ile aina iliyotembea Afrika nzima kama pesa inakula mwani tu. Watu wanazichanganya sababu zote zinaitwa “simbi za baharini”.

Mwili wa koni, kutoka mbele kwenda nyuma

Kosa la kwanza la mtu anayemshika koni ni kufikiri kichwa chake kiko upande mpana. Hapana. Upande mpana ni mgongo wa nyumba. Kichwa kinatokea upande wa ncha, ambapo mlango mrefu na mwembamba wa ganda unaishia.

Mguu wake ni mmoja, mpana, wa misuli, na anautumia kutambaa na kujichimbia. Nyuma ya mguu kuna kifuniko kidogo. Kwa konokono wengine kifuniko hicho kinaziba mlango wote sawa vile mlango wa nyumba. Kwa koni ni kidogo mno hata hakizibi kitu. Ndani ya ganda kuna vazi, ile ngozi laini inayotengeneza ganda lenyewe kwa kuongeza chokaa pembeni ya mlango. Kila mara anapokua, mlango unasogea mbele na mzunguko mpya unaongezeka. Njo maana mstari wa mpande unazunguka: katikati ya kisahani ni ganda la utoto wa mnyama, na pembeni ni mwisho wa maisha yake.

Ganda la nje ni nene na gumu. Ndani ni kinyume. Koni anapokua anayeyusha kuta za ndani, zile za mizunguko ya zamani, mpaka zinabaki nyembamba kama karatasi. Kwa njia hiyo mwili unapata nafasi bila kujenga nyumba nyingine. Na akiwa hai, rangi zake nzuri mara nyingi hazionekani: ganda limefunikwa na ngozi ya kahawia, pengine na mwani juu yake. Yule anayependeza dukani ni aliyekufa na kusafishwa.

Mbele kuna mirija miwili, na kuitofautisha ni jambo la maana. Wa kwanza ni mnene, mara nyingi wenye rangi, na anausimamisha juu anapotembea. Huo ni mrija wa maji. Unavuta maji na kuyapitisha kwenye kiungo cha kunusa, na kwa koni kunusa ni kila kitu, kwa sababu macho yake mawili madogo hayaoni vizuri. Anawinda sana usiku. Mrija wa pili umefichwa ndani ya kinywa na unatoka tu wakati wa kuua. Ni mkonga, mwembamba, unaoweza kunyooka mbali na kujikunja upande wowote. Kwenye ncha yake ndipo silaha inapokaa.

Silaha yenyewe iko na sehemu tatu. Kuna mfereji wa sumu, mrefu sana, umejikunja-kunja ndani ya mwili; kuta zake njo zinatengeneza sumu. Mwisho wa mfereji huo kuna puto la misuli, lisilotengeneza sumu hata kidogo; kazi yake ni kusukuma, sawa vile kidole gumba kinavyosukuma seringe. Kiisha kuna mfuko wa meno, wenye mikono miwili: katika mkono mrefu meno yanatengenezwa, katika mkono mfupi yaliyokomaa yanangojea zamu.

Jino la koni halifanani tena na meno ya konokono wa shambani. Kila moja ni kijikaratasi cha kitini, kile kitu kinachofanya ganda la panzi kuwa gumu, kilichoviringishwa kama sigara mpaka kikawa mrija mwembamba wenye ncha kali. Aina nyingi wako na miiba midogo inayorudi nyuma, sawa na ndoana. Jino linatoka mfukoni, linapita mpaka ncha ya mkonga, linashikwa hapo, linajazwa sumu, linarushwa. Linatumika mara moja tu. Akikosa ao akipata, anachukua jingine. Wavuvi wa pwani wako na neno linalofaa kabisa kwa kifaa kama hicho: chusa, mkuki wa kuvulia wenye ncha ya kushika.

Anavyowinda

Koni wengi wanakula minyoo ya baharini. Wengine wanakula konokono wenzao. Wachache wanakula samaki, na hao ndio waliowashangaza wataalamu, kwa sababu konokono anatambaa na samaki anaogelea. Mwamerika Alan Kohn aliandika habari hiyo mwaka 1956, kiisha kuwaangalia wakiwinda kwa macho yake, na mpaka hapo kulikuwa na watu ambao hawakutaka kuamini.

Mla minyoo anatafuta tundu la mnyoo mchangani, anaingiza mkonga, anapiga, anavuta. Mla konokono, kama Conus textile mwenye michoro ya pembetatu za rangi ya dhahabu, anapiga windo lake mara kadhaa, jino juu ya jino, na kuyaacha yote ndani. Konokono windo haendi mbali, hakuna haraka. Kiisha sumu inamlegeza, anaachilia ganda lake mwenyewe, na mwindaji anamvuta nje mzima-mzima.

Kwa samaki hakuna nafasi ya kungoja. Samaki aliyechomwa akipata sekunde chache tu, ameenda kufia mbali na ataliwa na mwingine. Kwa hiyo sumu ya hao inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Sehemu moja inashitua mishipa ya fahamu yote, samaki anakakamaa palepale. Sehemu nyingine inakata mawasiliano kati ya mishipa na misuli, na hiyo inamlegeza asiamke tena. Jino linabaki limeshikwa na mkonga, kwa hiyo mwindaji anavuta samaki kinywani kama mvuvi anayevuta kamba.

Conus geographus anafanya namna nyingine. Anafungua kinywa chake kama neti, kikubwa kupita mtu anavyoweza kufikiri kwa mnyama mwenye ganda la sentimita kumi ao zaidi kidogo, na kufunika samaki wadogo waliolala kwenye miamba. Wakiisha kuwa ndani ndipo anawachoma mmoja mmoja. Juu ya nini samaki hawakimbii? Mwaka 2015 watafiti walionyesha sehemu ya jibu: ndani ya sumu yake kuna insulini, iliyo karibu na insulini ya samaki kuliko ya konokono. Ikiingia majini, sukari katika damu ya samaki inashuka na wanakosa nguvu. Mgonjwa wa sukari aliyewahi kuzidisha dawa anajua hali hiyo ikoje.

Kumpanga: ganda ao jino?

Kwa wataalamu, koni ni wa kundi kubwa la Mollusca, pamoja na chaza na pweza. Ndani yake ni wa Gastropoda, yaani konokono wote. Ndani ya Gastropoda ni wa Neogastropoda, kundi la wala nyama wa baharini ambamo wamo pia Muricidae na Olividae. (Naticidae, Cassidae na yule Charonia wako nje ya kundi hilo, uwindaji ulianza zaidi ya mara moja.) Kiisha inakuja Conoidea, jamaa ya wenye sumu: koni wenyewe, familia ya Conidae, Terebridae, warefu kama msumari wa parafujo, na Turridae pamoja na ndugu zao, wengi wao wadogo mno na wa maji ya kina. Koni peke yao wanapita aina 900.

Jina Conus lilitolewa na Mswedi Carl Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1758. Yeye alifanya kazi na maganda. Hakuona mnyama. Na waliomfuata, kwa zaidi ya miaka mia moja, walifanya vilevile, kwa sababu maganda ndiyo yaliyofika Ulaya kwenye mashua, na matajiri waliyashindania. Aina moja, Conus gloriamaris, ilinunuliwa kwa bei ya kutisha kwa muda mrefu, mpaka wapiga mbizi wakagundua mahali inapoishi na bei ikaanguka.

Matokeo yake ni maelfu ya majina kwa wanyama mia chache. Koni mmoja akiwa na madoa mengi anapewa jina, ndugu yake akiwa na madoa machache anapewa jingine. Kinyume chake pia kilitokea: maganda mawili yaliyofanana yakawekwa pamoja, kumbe ndani yake walikaa wanyama wawili wasiokuwa na uhusiano wa karibu, mmoja mla minyoo, mwingine mla samaki. Kosa hilo si la karatasi tu. Mtu anayeokota kwa kuangalia rangi anaweza kuweka mfukoni yule asiyepaswa hata kuguswa.

Jino lilisaidia. Likiwekwa chini ya darubini ya laboratware linasema chakula: refu lenye ndoana nyuma ya ncha ni la mla samaki, fupi na nene mara nyingi ni la mla minyoo. Mwaka 2009 wataalamu wawili, John Tucker na Manuel Tenorio, walitumia meno pamoja na maganda na kugawanya koni katika makumi ya jenasi. Wengi waliona ni mingi mno. Mvuvi ao mganga angeshika yapi? Kiisha ikaja DNA. Mwaka 2014 kundi la Nicolas Puillandre, wa jumba la makumbusho ya viumbe la Paris, lilipendekeza kurudisha wote katika familia moja na jenasi nne: Conus, Conasprella, Profundiconus na Californiconus. Tangu hapo jenasi ndogo zimeongezwa, lakini mpango huo ndio unaofuatwa sana. Californiconus iko na aina moja tu, ya pwani ya California, na tabia yake ni ya ajabu: anakula minyoo, konokono, samaki, hata kamba, wakati wenzake karibu wote wanachagua chakula kimoja.

Ganda liliwahi kudanganya watu na hapa kwetu pia, kwenye ziwa Tanganyika. John Speke alipofika ziwani mwaka 1858 aliokota maganda, na yalipofika London yalishangaza: manene, yenye mbavu, sawa kabisa na ya baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kuyachunguza, na mwaka 1903 akatoa kitabu kinachodai kwamba ziwa lilikuwa zamani mkono wa bahari, tangu enzi za Jurasiki. Hesabu haikubali. Ziwa linakadiriwa kuwa na miaka kama milioni 9 hadi 12, wakati enzi ya Jurasiki iliisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Konokono wa Tanganyika ni wa ukoo wa maji matamu. Maganda yao yalikuwa manene kwa sababu nyingine: kaa wa ziwa na samaki wanayavunja, na aliye na ganda gumu njo anayebaki.

Kwa hiyo wakaaji wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba wanaoogopa habari hizi watulie upande huo. Konokono wa ziwa hawana chusa wala sumu ya koni. Ziwani konokono ndiye anayewindwa, na ganda lake tupu, hasa la Neothauma, linabaki chini ya maji kuwa nyumba ya samaki wadogo wanaotagia humo. Hatari ya konokono wa maji matamu ni nyingine, bilarzi, na hiyo inaletwa na vijidudu wanaoishi ndani ya konokono fulani wapole wa kando ya maji.

Bei ya kisahani

Ganda la mpande lilitoka kwa koni wakubwa wenye sehemu ya juu bapa, kama Conus leopardus na Conus litteratus, wanaopatikana pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji. Sehemu bapa ilikatwa na kusuguliwa. Kwa Wanyamwezi kisahani hicho kiliitwa kibangwa na kilikuwa cha watemi. Kusini, katika Zambia ya leo, jina ni mpande vilevile.

Thamani yake ilipanda kila hatua kutoka pwani. David Livingstone, aliyepita kwa Walunda wa shefu Shinte mwaka 1854, alipewa kimoja kama zawadi ya siri na ya heshima kubwa. Aliandika kwamba wakati huo viwili viliweza kununua mtumwa mmoja, na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya tembo. Mtu mzima kwa maganda mawili ya mla minyoo. Wafanyabiashara wa Ulaya walipoona hivyo walianza kutengeneza visahani vya kaure vya kuiga, vyenye mstari uleule wa kuzunguka, na vingi vyao bado viko mikononi mwa familia. Anayetaka kujua chake ni kipi aangalie upande wa nyuma: cha kweli kinaonyesha ngazi za mizunguko iliyokatwa, cha kuiga mara nyingi ni laini tu.

Sumu kuwa dawa

Ndani ya sumu ya koni mmoja kuna vitu tofauti zaidi ya mia moja, kila kimoja kikigusa mlango wake katika mishipa ya fahamu. Baldomero Olivera, mtaalamu wa Ufilipino, alianza kuzichunguza kwao na akaendelea kwenye iniversite ya Utah, Marekani. Mwanafunzi wake Michael McIntosh alitenga kitu kimoja katika sumu ya Conus magus, kinachofunga njia ambayo habari ya maumivu inapitia kwenye uti wa mgongo. Kiliigwa kwenye laboratware, na mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2004 Marekani ikakikubali kama dawa kwa jina ziconotide.

Ni ya watu wenye maumivu makali ya muda mrefu, kwa mfano ya kansa, wasiosaidiwa tena na morfine. Haileti uzoefu wa kuitamani kama morfine. Lakini haimezwi: inaingizwa polepole na pampu kwenye maji ya uti wa mgongo, na inaweza kuvuruga akili ya mgonjwa. Hospitali inayoitoa inahitaji vifaa na waganga wa kumfuata mgonjwa siku kwa siku.

Kwa wanaosafiri pwani

Wafanyabiashara wa Bukavu, Goma na Lubumbashi wanafika Dar es Salaam na Mombasa kila wiki, na wengi wanatembea ufukweni kabla ya kurudi. Watoto wanaomba zawadi ya makombe.

Vifo vya watu zaidi ya 30 kutokana na koni vimeandikwa katika historia, vingi vikiwa vya Conus geographus, na anaishi pia pwani ya Afrika Mashariki. Habari ya kwanza iliyoandikwa ni ya Georg Rumphius, katika kitabu kilichotoka mwaka 1705: mwanamke wa visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, aliyekufa kwa kumshika mkononi tu. Ganda lake ni jepesi, jembamba, la rangi ya maziwa lenye mawingu ya kahawia. Ni lile zuri ambalo mtu angeliokota.

Usiokote koni aliye ndani ya maji, wala usimtie mfukoni; jino linapita nguo. Kumshika upande mpana hakuokoi mtu, mkonga unaweza kujikunja kufika huko. Ganda lililo kavu, ambalo ndani yake mwanga unaonekana na hakuna nyama, halina neno.

Mtu akichomwa, pengine hatasikia uchungu mkubwa; kwa Conus geographus inaweza kuwa kama mchomo mdogo tu. Kiisha mdomo na mkono vinakufa ganzi, macho yanaona mbili-mbili, miguu inalegea, pumzi inapungua. Hakuna dawa ya kuua sumu hiyo. Usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Funga mkono ao mguu wote kwa bandeji pana, kwa kukaza kiasi, sawa na anavyofungwa aliyeumwa na nyoka mwenye sumu ya kulegeza, mlaze bila kumtembeza, na mpeleke upesi kwenye hospitali yenye mashine ya kupumulisha. Akiacha kupumua njiani, mpulizieni hewa kwa kinywa bila kuchoka mpaka mfike. Sumu yenyewe inaisha mwilini kadiri saa zinavyopita. Anayekufa, kwa kawaida amekufa kwa kukosa hewa kabla haijaisha.